Mkunga Aliyenunua Lori la Jeshi

Pale Buyenzi, mjini Bujumbura, kwenye barabara yetu, watu wengi walizaliwa mikononi mwake, na ndiyo sababu hakuna aliyethubutu kumwambia usoni kwamba amerukwa na akili. Waliniambia mimi. Walikuja kibandani kwangu, ninaposhona viti vya magari na maturubai, wakajifanya wanauliza habari za kazi, kisha wakageuza shingo kuangalia ng'ambo ya barabara. Uani kwake lori la jeshi lilikuwa limesimama juu ya mawe, bila magurudumu.

"Fundi, yule mama iko sawa kweli?"

"Muulizeni mwenyewe," niliwajibu.

Hakuna aliyekwenda kumuuliza.

Hospitalini walimwita kwa Kifaransa, lakini mtaani alikuwa Mkunga tu, hata baada ya kustaafu. Alikuwa mjane, mrefu, mwenye mabega ya mwanamume na mtandio uliofungwa kwa nguvu kana kwamba kuna upepo. Sababu ya lori aliieleza mara moja, kwa sauti ya kusikika nyumba nne, na hakuirudia. Dada yake mkubwa aliolewa Lubumbashi tangu ujana. Sasa kiharusi kilikuwa kimemlaza, na kabla hajapona akaanguka akavunjika nyonga. Hawezi kuketi. Ndege anaiogopa kuliko kifo. Basi halina mahali pa kumlaza mtu. Na kila akipigiwa simu analia kwamba anataka kurudi nyumbani.

"Basi mi nitaenda kumuchukua," alisema Mkunga. "Kama gari ya kumulaza haiko, nitaitengeneza."

Lori lenyewe alilikuta Kanyosha, nyuma ya ukuta wa mfanyabiashara mmoja aliyelinunua jeshi lilipouza magari yaliyokwisha kazi, kisha likamshinda. Majani yalikuwa yameota kupitia sakafu ya bodi, na kuku walikuwa wametaga kwenye kiti cha dereva. Nilikuwepo siku linavutwa kuletwa mjini. Yeye alitembea mbele yake njia yote ya mwisho, toka barabara kubwa hadi uani, akiwafukuza watu wa baiskeli kwa mkono kama anayefungua njia ya maiti au ya bibi harusi.

Kwa nini lori, na si pikapu ndogo? Niliwahi kumuuliza. Alinitazama kama mwanafunzi aliyesahau somo. "Mvua ikinyesha kule mbele, barabara inakuwa uji. Hii inasimama juu, magurudumu yote inavuta. Tena ni ndefu. Dada yangu ni murefu kunipita."

Hakuwa mtu mpole, na wanaomsifu leo kwa upole wanamsingizia. Mke wangu alipokuwa akijifungua binti yetu wa kwanza, Mkunga alimwambia aache kupiga kelele, nguvu hiyo aipeleke chini. Mke wangu alimchukia siku nzima. Baadaye ndipo tukaambiwa kwamba zamu ya Mkunga ilikuwa imekwisha asubuhi, na alibaki pale hadi jioni bila kutia kitu tumboni kwa sababu hakupenda namna mtoto alivyolala. Mama yangu alipofariki, majirani wote walinijia na maneno ya kufariji. Yeye alipita katikati yao bila neno, akaingia jikoni, akaanza kuosha vyombo vya watu waliokuja msibani. Nilimfuata kumshukuru. "Pole haioshi sufuria," alisema. "Niletee maji mengine."

Neno moja lilimkera kuliko matusi. Mtu akimwambia kazi itakwisha kesho inshallah, alimkatiza hapo hapo. "Inshallah ni neno la Mungu. We usilifanye kifuniko cha uvivu. Sema: nitaanza saa ngapi, kisha sema inshallah." Swala zake tano hakuzikosa, lakini niliwahi kumsikia, akiwa amelala chini ya lori na spana mkononi, akiiambia nati iliyoota kutu maneno ambayo sitayaandika hapa. Alipotoka na kumwona imamu wa msikiti wetu amesimama karibu nami, alijifuta uso tu, akasema, "Imeachia."

Fundi wake wa mitambo aliitwa Baraka, mtu wa makamo aliyevuka mpaka kutoka Uvira wakati wa vita na kubaki. Alikuwa mlokole, anayeimba nyimbo za kanisa akifungua injini. Waligombana tangu siku ya kwanza, na ugomvi wenyewe ulikuwa juu ya sabuni. Mkunga aliweka beseni na kipande cha sabuni kwenye mlango wa ua, na kila mtu ilimbidi anawe kabla ya kugusa chochote.

"Mama, watu wananawa wakimaliza kushika mashine," Baraka alilalamika. "Siyo mbele."

"Muchanga mudogo unaingia kwenye bearing, unaiua. Nawa."

"Mi ni mekanisie, siyo daktari."

"Nawa, Baraka."

Akanawa. Na baada ya miezi michache nilimwona akimfukuza muuza vipuri aliyetaka kugusa pampu ya mafuta na mikono yenye vumbi.

Kitu ambacho wengi hawakujua ni kwamba Mkunga hakuwahi kuendesha hata baiskeli. Pikipiki za kukodi aliziogopa waziwazi. Alikuwa akitembea kwa miguu hadi sokoni huku zikimpigia honi. Lakini alisema hawezi kumleta dada yake kwa gari asiyojua kuiendesha, na kama Baraka ataugua njiani, nani atashika usukani? Basi kiangazi kimoja walikwenda Buterere, kwenye njia za katikati ya mashamba ya mpunga, ili ajifunze mahali pasipo na ukuta wa kugonga. Nilipanda nyuma kwa sababu nilitaka kuona turubai langu linavyoshika upepo. Alikwenda vizuri hadi kwenye kona ya mfereji. Baraka alisema, "Kata kulia, Mama," naye akakata kulia kwa moyo wote, na gurudumu la mbele likashuka mferejini hadi kwenye ekseli.

Wanawake waliokuwa wakipalilia mpunga walicheka hadi wakaketi matopeni. Mkunga alishuka, akapandisha khanga magotini, akaliangalia lori, akawaangalia wale wanawake, kisha naye akacheka. Nilikuwa jirani yake miaka mingi na sikuwa nimewahi kusikia kicheko chake. Kilikuwa chembamba kama cha msichana. Kisha akaita, "Mulishacheka sasa? Mukuje tusukume!" Wakaja. Tulilitoa kabla ya adhuhuri. Kuanzia siku ile aliendesha, tena vizuri, ila kwenda mbele tu. Kurudi nyuma hakujifunza kamwe. Palipohitajika kurudi nyuma alishuka na kumwachia Baraka.

Bodi ya lori ilikuwa na mabenchi ya mbao kila upande, yale wanayoketi askari. Walipoyang'oa tuliona kwamba mbao zimechongwa majina kwa visu, mengi, mengine juu ya mengine. Baraka alisema tuzifanye kuni. Mkunga alipitisha kidole kwenye herufi zile polepole.

"Apana. Hawa watoto, nani anajua, labda wengine niliwazalisha mi." Akaamuru mbao zigeuzwe kabati za vyombo na dawa, majina yakiangalia ndani.

Rangi ya jeshi ilibidi iondoke kwa sababu gari ya raia hairuhusiwi kuwa nayo. Alichagua buluu ile ya milango ya hospitali, na watoto wa mtaa wakalibatiza lori Materinite, yaani wodi ya wazazi. Alijifanya hasikii. Yeye na Baraka wakaongeza tangi la pili la mazuti, ile dizeli, tangi la maji juu ya kabini, ngazi pana ya nyuma inayoweza kushikwa na watu wawili waliobeba machela, na dirisha moja refu ubavuni, chini sana, usawa wa mto wa mtu aliyelala.

Halafu ikawa siku ya Bugarama.

Baraka alisema lori liko tayari. Mkunga akasema haliko tayari mpaka lishuke mlima. Wanaojua barabara ya kutoka Bujumbura kwenda juu Bugarama hawahitaji maelezo: kona juu ya kona, bonde upande mmoja, na vijana wa baiskeli wenye mikungu ya ndizi wanaoshuka kwa kasi kama mawe yaliyorushwa. Tulipanda vizuri asubuhi, sisi watatu kabinini. Juu tulikunywa chai. Tukaanza kushuka, Baraka kwenye usukani.

Kwenye kona ya tatu au ya nne nilisikia harufu. Nilidhani ni mahali wanachoma mkaa. Mkunga alikuwa ameinamisha kichwa, anasikiliza.

"Baraka, freni inanuka."

"Ninajua, Mama." Sauti yake ilikuwa imebadilika. Mguu wake ulikuwa umefika chini na lori lilikuwa bado linaongeza mwendo. Alirudisha gia moja, injini ikapiga ukelele, akarudisha nyingine. Mbele yetu kijana wa ndizi aligeuka akatuona, akajitupa pembeni na baiskeli yake. Moshi mweupe ulikuwa unatoka kwenye magurudumu ya nyuma. Mimi nilishika mlango nikaanza kusoma kila dua niliyojaliwa kukumbuka.

Mkunga hakupiga kelele. Alisema, kwa sauti ileile ambayo naamini wanawake wote wa Buyenzi wameisikia saa ya uchungu, "Usiharakishe. Tafuta ukuta wa mulima. Iko mbele. Weka ubavu."

Baraka alilipeleka lori kwenye mtaro wa upande wa mlima. Likakwaruza udongo, likatikisika kama litavunjika vipande viwili, likaendelea kukwaruza, likasimama. Palikuwa kimya kiasi kwamba tulisikia mawe yakianguka kutoka kwenye kingo. Baraka aliweka kichwa juu ya usukani akalia. Mkunga alishuka, akaenda nyuma ya lori, akatapika. Aliporudi alikuwa amejifuta mdomo kwa pembe ya mtandio.

Wanawake wanaouza kabichi kando ya barabara walikuwa wametuzunguka. Mmoja alimshika mkono akamwambia kwa Kirundi amshukuru Mungu na aache gari hii.

"Mungu nimemushukuru," Mkunga alijibu. "Gari siachi."

Mtaani habari ilifika kabla yetu. Jioni ile uani kwake watu walijaa, na safari hii walimwambia usoni. Imamu mwenyewe alimwomba kwa heshima zote afikirie tena. Alimwambia kuua watu watatu ili kumfuata mmoja si wema. Yeye alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Shehe, umesema kweli. Kwa hiyo tunafungua yote." Akamgeukia Baraka, ambaye alikuwa amekaa kwenye ndoo bila kuinua macho. "Kesho saa moja. Unakuja ao ukuji?"

Baraka aliinuka kwenye ndoo.

"Nakuja, Mama."

Walifungua kila gurudumu. Walikuta grisi imevuja kutoka kitovu cha magurudumu ya nyuma na kulowesha viatu vya breki. Baraka alikuwa amebadilisha mipira yote ya upepo wa breki, lakini ndani ya ngoma hakuangalia. Mkunga hakumlaumu. Alisema tu kwamba na yeye hakuuliza. Wakaweka viatu vipya, wakaziba panapovuja, wakatafuta kwenye lori jingine lililokufa kile kibamba kinachofunga bomba la moshi ili injini yenyewe ishike gari kwenye mteremko. Kisha wakarudi Bugarama. Na mimi nikaenda, sijui kwa nini. Nadhani niliona haya kubaki. Tulishuka hadi mjini taratibu, na Mkunga aliweka kiganja chake juu ya kila gurudumu tulipofika, akasema yako na joto la kawaida.

Kitanda kilikuwa kazi yangu, na kilinitesa. Mara ya kwanza niliweka godoro nene juu ya mbao. Alilala mwenyewe, Baraka akaendesha kwenye mashimo ya mtaani, nami nikakimbia pembeni. Aliposhuka alisema, "Nyonga yangu imesema apana, na ni nzima." Nikajaribu sponji ngumu, sponji laini, kitanda cha kamba. Apana. Mwishowe tulikining'iniza: mipira ya ndani ya matairi imekatwa mikanda, kutoka kwenye vyuma vya turubai, na chini springi za pikipiki chakavu. Alilala, wakazunguka mtaa wote, na lori liliposimama hakutoka. Tulichungulia. Alikuwa amelala usingizi, mdomo wazi. Sijawahi kupata sifa kubwa kuliko ile katika ushonaji wangu.

Kabla ya kuondoka alimpigia dada yake simu mbele yetu. Sauti ya upande wa pili ilikuwa nzito, maneno yanaburuzwa.

"Usikuje," dada alisema. "Utakufa njiani, ni mi watasema nimekuua."

"Funga sanduku yako," Mkunga akamjibu.

"Kichwa yako ngumu tangu utoto."

"Na yako je? Funga sanduku."

Safari naijua kwa maneno ya Baraka. Walipita Rumonge na Nyanza-Lac, wakaingia Tanzania, Kigoma, Mpanda, Sumbawanga, wakakata Zambia hadi mpaka wa Kasumbalesa. Baada ya Sumbawanga, porini, kardani ilikatika, ule mhimili mrefu unaopeleka nguvu kwenye magurudumu ya nyuma. Baraka alitaka kungoja msaada. Mkunga alimuuliza kama magurudumu ya mbele nayo hayavuti. Yanavuta, Baraka akasema. "Basi hii ya nyuma toa, weka ndani, twende na ya mbele." Alikuwa ameyasikia hayo kwa Baraka mwenyewe, mwaka mzima uani, naye hakuwa mtu wa kusahau alichoambiwa. Walikwenda hivyo, kwa mwendo wa punda, hadi mji uliofuata.

Na dada akaja. Siku waliyofika tulimpokea kwa vifijo, tukamteremsha kwa ile ngazi pana, mwanamke mrefu kweli, mwepesi kama kikapu, akicheka kwa nusu ya uso. Aliishi nasi hadi mvua zilizofuata zilipokwisha. Watu wa zamani walikuja kumwona, wakakumbushana majina ya waliokufa. Alifariki asubuhi moja, kitandani kwa mdogo wake, tukamzika karibu na wazazi wao. Sote tuliona kwamba Mkunga ameshinda. Nilimwambia hivyo msibani. Akaenda kuosha sufuria.

Mwaka karibu ukapita. Tulidhani lori litauzwa. Alikuwa amezeeka ghafla, na goti moja lilimsumbua. Kisha asubuhi moja alivuka barabara, akaja kibandani kwangu, akaketi kwenye kiti cha gari nilichokuwa nakirekebisha.

"Fundi, nataka utoe kitanda. Weka kiti. Cha mutu mumoja."

"Unaenda wapi tena, Mama?"

"Lubumbashi."

"Mama, lakini dada hayuko kule tena."

"Najua mahali alipo, mi ndiye nilimuzika." Akawa anaminya sponji ya kile kiti kwa kidole gumba. "Wakati tunarudi naye, alikuwa anagonga ukuta wa kabini. Anasema, simama, nione. Kule Zambia kulikuwa wanawake wanauza uyoga, mukubwa kama mwavuli. Akagonga. Mi nikasema, utaona ingine. Kufika kwenye ule mto wenye viboko, huku ya Mpanda, wamejaa kama mawe. Akagonga. Nikamwambia Baraka, endelea. Nilikuwa naogopa atanifia porini. Nilitaka kumufikisha tu."

"Na ulimfikisha."

"Nilimufikisha. Karibu na kuingia Burundi, pale juu, ziwa inaonekana yote, mara moja. Akagonga sana. Nikapiga kelele nikasema, ziwa iko nyumbani! Tulipofika hapa nikamupeleka Jumapili moja, akaangalia kwenye dirisha. Akaniambia, siyo hii. Ni ile ya juu."

Mikono yake ilikuwa imetulia sasa. Sikusema pole. Nilimjua vya kutosha kutosema pole.

"Kiti kiangalie wapi?" nikamuuliza. "Mbele?"

"Pembeni. Kwenye dirisha."

Nilikishona kwa ngozi nzuri niliyokuwa nayo, nikakifunga mahali kitanda kilipokuwa. Baraka alipitia breki zote, ngoma zikiwa wazi, kisha akapitia tena. Asubuhi ya kuondoka hakukuwa na watu wengi. Wengine walikuwa wamerudia kusema amerukwa na akili. Alipanda nyuma kwa ngazi, goti likimuuma, akakataa kusaidiwa. Lori la buluu likatoka uani, likaenda barabara yetu yote, na lilipofika mwisho wake likasimama.

Tulitazamana. Tukadhani limeharibika, na wawili wetu tukaanza kukimbia. Baraka alitoa mkono dirishani, akatupungia turudi.

"Hakuna kitu!" alipaza sauti. "Ni Mama, anaangalia."